Ukingo wa Kushoto wa Picha ya Kumi na Nne

"Wafanyakazi wote wanaarifiwa kwamba picha namba 14, ukumbi wa chini, itasogezwa sentimita nne kulia ili isiakisi taa. Atakayeathirika awasilishe hoja kwa maandishi."

Mhakiki wa picha wa jumba la kumbukumbu aliketi, akainuka, akaketi tena. Kisha akaitoa filamu halisi ya picha hiyo kabatini ili athibitishe vipimo, na tangu hapo hakukalika.

Miaka kumi na tisa nyuma, kwenye meza ya picha ya gazeti, ndiye aliyeikata picha hiyo kabla ya kuchapishwa. Kanuni ya meza ilikuwa moja: mtu aliyegawanywa na ukingo huondolewa. Ikabaki picha safi: moshi wa kiwanda kinachoungua juu, ukuta ukilivuta jicho hadi langoni, wafanyakazi wakimwagika nje kama mchele wa gunia lililopasuka. Alichokuwa amekiondoa ni nusu ya mtu, mgongo, akielekea ndani.

Sasa alimpelekea shangazi yake nakala nzima. Kwa mujibu wa kiwanda, mwana wa shangazi alitoroka zamu kabla ya moto, kwa hiyo jina lake halimo katika orodha ya waliokufa.

Shangazi hakutafuta hata miwani.

"Kiraka cha kiwiko hicho ni pazia langu la jikoni. Mistari niliilaza, kitambaa hakikutosha." Akamgeukia. "Wanasema macho hayana pazia. Yako yalikuwa nalo. Miaka yote ulikuwa unatazama nini, mwanangu?"

"Mpangilio, shangazi."

"Haya. Umetupanga vizuri."

Mbele ya kamati ya jumba alizungumza akienda na kurudi, ingawa kiti kilikuwapo. Mistari yote ya picha inakimbia nje, alieleza. Mgongo mmoja unaipinga, na jicho likishauona halitulii kwingine. Aliomba jina la binamu yake liandikwe chini ya picha, na kiwanda kiarifiwe kwamba hakutoroka.

"Huyo anavuruga uwiano," alisema mwenyekiti.

"Ndiyo hoja yangu, mheshimiwa."

"Uso wake uko wapi?"

"Hakugeuka."

"Basi tunao mgongo. Mgongo hautoi ushahidi."

Uamuzi ulibandikwa alasiri, juu ya tangazo la kwanza: picha itatundikwa nzima, maelezo yatasomeka "mtu asiyejulikana", na kwa kuwa ukingo wa kushoto umeongeza upana kwa sentimita tatu, picha itasogezwa sentimita saba.