Mwarobaini wa Upande wa Mashariki

Tangu Januari ya mwaka 1983, kila siku saa tatu kamili asubuhi, nimekuwa nikitoka nyumbani kwangu Kiwanjani nikiwa nimevaa viatu, kuvuka ua, kufungua kipima mvua na kuandika nilichokikuta ndani. Nataja viatu kwa sababu mtu hapimi mvua akiwa na kandambili. Nilikuwa mwalimu mkuu kwa miaka ishirini na mitatu. Hata siku tuliyomzika mke wangu, nilipima kwanza ndipo nikaenda kaburini. Vitabu vyangu vya mvua ni vinne, vyenye majalada magumu, na hakuna tarakimu iliyofutwa.

Mjukuu wangu Kiende, anayesomea hali ya hewa chuo kikuu, aliniomba vitabu hivyo kwa ajili ya tasnifu yake. Alikuwa akilinganisha mvua ya maeneo matatu kwa muda wa miaka arobaini: nyanda za juu za Meru tulikotoka, pwani ya Lamu, na nyika yetu ya Isiolo.

"Babu, sijaona daftari kamili kama lako," aliniambia.

Sikuificha fahari yangu. Niliwaambia majirani wote, na nikamwambia hata Gollo.

Gollo ni Mborana, mfugaji aliyezeekea mjini, na mbuzi wake kumi na tisa hulala nyuma ya ua wangu. Asubuhi iliyofuata alinikuta kwenye kipima.

"Salaam aleikum, Mwalimu. Nasikia mkebe wako umeitwa chuo kikuu."

"Si mkebe. Ni kipima mvua."

"Basi kiambie kitie bidii huko. Hapa nyumbani kimekuwa kivivu."

Nilimpuuza. Maneno hayo si mapya. Mwaka wa El Niño, barabara zilipokatika na mbuzi wakasombwa, alinijia akidai kuwa sufuria yake ya kunyweshea mbuzi ilijaa kuliko kipima changu. Nilimjibu kwamba sufuria si chombo cha sayansi.

Mwishoni mwa Machi Kiende alirudi na karatasi yenye mistari mitatu. Mstari wa Meru na ule wa Lamu ilipanda na kushuka kwa namna yake. Wetu ulishuka tu, mwaka baada ya mwaka.

"Kupungua huku ni kukubwa mno, Babu. Vituo vingine vilivyo karibu nasi havionyeshi hivi."

"Basi vimekosea."

Alitoka nje, akasimama penye kipima, akatazama mashariki. Hatua sita kutoka hapo umesimama mwarobaini nilioupanda baada ya ukame wa mwaka 1984. Siku hizo haukunifikia goti. Leo ni mrefu kuliko nyumba.

"Mti huu ulianza lini kuwa mkubwa hivi?"

"Zamani," nikasema, nikaingia ndani kunywa chai.

Kiende hakubishana nami. Alikwenda kwa Gollo, akaomba mahali palipo wazi, na Gollo akamzungushia kipima cha pili ua wa miiba ili mbuzi wasikiangushe. Mvua zilipoanza katikati ya Aprili tulipima vyote viwili. Siku ya kwanza changu kilikuwa na milimita kumi na nne. Cha Gollo, ishirini. Siku ya pili, tisa kwa kumi na tatu. Siku ya tatu nilikipima changu mara mbili, jambo ambalo sikuwahi kulifanya maishani, na maji hayakuongezeka.

"Mvua ya hapa haitembei wima kama askari, Mwalimu," Gollo alisema, ameegemea fimbo yake. "Inakuja na upepo wa mashariki, imelala ubavu. Mbuzi wanajua. Ikianza tu, wanaruka ua kuja kujificha nyuma ya mti wako."

"Mbuzi hawaandiki tasnifu."

"Hawaandiki, lakini hawalowi."

Kiende hakucheka. Aliketi mezani, vitabu vinne vikiwa mbele yake.

"Babu, nisipojua mti ulianza lini kuikinga mvua, itanibidi niviache vyote. Nikijua mwaka, nitatumia vipimo vilivyotangulia na kuwaeleza wasomaji kilichotokea baadaye. Unaukumbuka?"

Niliukumbuka vizuri. Nilijua pia kwamba nikitaja mwaka wa 2010, hakuna mtu ambaye angenipinga, na theluthi mbili ya kazi yangu ingesalimika. Tarakimu hiyo ilifika hadi mdomoni.

Zamani nilimrudisha nyumbani mwanafunzi mmoja, Koome, kwa kuandika joto la maji yanayochemka kabla hajawasha jiko. Alilia akisema jibu lake lilikuwa sahihi. Nilimwambia kwamba jibu ambalo mtu hakulipima ni uongo, hata likiwa sahihi. Sasa Koome ni daktari, na kila tunapokutana sokoni hunikumbusha maneno hayo.

Nikakivuta kitabu cha pili. Nilijua ukurasa. Katika safu ya maelezo, kwa mwandiko wangu mwenyewe: *14 Novemba 1996. Mwarobaini umepita paa. Kivuli kizuri.*

Kiende akageuza kurasa taratibu hadi Novemba ya mwaka uliofuata. Alisoma kwa sauti kabla sijamzuia: "*Gollo adai kipima kinakingwa na mti. Upuuzi.*"

Gollo, aliyekuwa mlangoni, alivua kofia yake.

"Upuuzi! Miaka yote hii nimo ndani ya kitabu, na huniambii?"

"Gollo," nikasema, "ulisema kweli, na mimi nilikuwa na kiburi."

Aliingia ndani. Aliketi.

Nilifungua kalamu nyekundu, ile niliyokuwa nikisahihishia mitihani, nikaandika chini ya neno hilo: *Gollo hakukosea. Kuanzia Novemba 1996 vipimo ni pungufu. Mti nilioupanda umeikinga mvua.* Nikatia sahihi na tarehe.

"Kwa hiyo miaka iliyobaki ni bure," nikasema.

Kiende alikuwa bado ameinamia ukurasa.

"Si bure. Mti unaweza kupunguza maji. Unaweza hata kuyameza manyunyu yote. Lakini mvua kubwa ya kufungua msimu haiwezi kupita bila kuacha kitu ndani ya kipima. Siku yake umeiandika, Babu. Kila mwaka."

Tukazisoma tarehe hizo, yeye akisoma, mimi nikiandika. Vitabu vya mwanzo: ishirini na tatu Machi, ishirini na saba Machi, tarehe thelathini. Cha mwisho: tisa Aprili, kumi na mbili, kumi na sita. Mvua ilikuwa ikichelewa kufungua msimu. Ilikuwapo miaka iliyokwenda kinyume, nayo tukaiandika. Gollo alisikiliza amefumba macho, akitaja kwa kila mwaka wanyama waliokufa wakingoja.

Mti sikuukata, kwa kuwa kosa si lake. Nilihamisha kipima.

Sasa kila asubuhi, saa tatu kasoro dakika tano, navaa viatu na kuzunguka ua hadi kwa Gollo. Jana kilikuwa kikavu. Nikaandika sufuri.

"Umeandika nini?" akauliza.

Nilimwonyesha. Alitazama sufuri kwa muda, kisha akatazama mashariki, akasema tuandike pia kwamba upepo umegeuka. Nikaandika, na kando yake nikaweka jina lake.