Ukuta wa Rangi ya Chungwa

Cha kwanza kukiona kilikuwa ukosi wa shati. Wifi yangu, mke wa kaka, ni fundi cherehani, na alikuwa ameusahau kando ya kompyuta yangu. Ukosi mweupe, lakini pale mezani ulikuwa na rangi ya chungwa. Nikautoa hadi mlangoni kwenye mwanga wa nje, ukawa mweupe. Nikaurudisha, ukageuka tena.

Hapo nikajua kwa nini asubuhi ile mama wa bibi harusi alinirudishia video niliyomhariria.

"Mwanangu, kwenye televisheni yangu watu wote wana sura za wagonjwa," alisema. "Bwana harusi kama amelishwa kitu."

Alinipa hadi kesho. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza. Ikiharibika, nani ataniletea ya pili?

Kosa lilikuwa la ukuta wa mgongoni kwangu. Taa ikiwaka, ukuta unatupa rangi yake kwenye kioo cha kompyuta. Mimi naona nyuso zimekuwa nyekundu mno, napunguza wekundu, kumbe nawanyonya watu damu na afya zao.

Lakini ukuta ule niuseme vipi? Chumba kilikuwa cha Wifi. Alihamishia cherehani yake kwenye ujia mwembamba, magoti yanagusa mlango, ili mimi nipate studio. Akanunua rangi, akapaka mwenyewe, akashuka kwenye kiti ana matone mpaka puani. "Wewe mwenyewe huongei," alisema. "Basi ukuta wako uongee."

Mimi ni mtu wa kumeza maneno. Shule niliachia darasa la tano, na kuhariri nilijifunza kwa kutazama mafunzo kwenye simu ya kaka, narudia mpaka yaingie. Nikabaki natoka na ukosi, naingia na ukosi.

"Wifi," akaniita yeye kutoka kwenye cherehani, bila kuinua kichwa, "huo ukosi unaubembeleza kama mtoto mchanga. Una nini?"

Nikamwonyesha. Mlangoni, mezani. Mlangoni, mezani. Yeye anajua vitambaa. Mteja akichagua rangi, humtoa nje kwanza. Akatazama ukosi, akatazama ukuta.

"Kumbe mchawi wa bwana harusi ni mimi," akasema. "Ungeniambia, ungekufa?"

Akafungua sanduku, akatoa jora la bitana ya kijivu aliyoiweka kwa suti ya kaka. "Kaka yako atasubiri. Ameshaoa, suti anamvalia nani?"

Tukaipigilia kwa misumari ukuta mzima. Hata mwangwi uliokuwa unanichanganya nikisikiliza sauti ukapungua. Nikazirudia nyuso zote, moja moja. Kesho yake nilisimama nyuma ya kochi la mama wa bibi harusi, naye akatazama mpaka mwisho, kisha akamwita jirani: "Njoo umwone mwanangu alivyopendeza."

Kazi zinakuja sasa. Wifi ndiye anayewapokea wateja na kupatana nao. Mimi naitikia kwa kichwa, naye ananicheka.

Asante nimeshamwambia, kwa sauti ndogo. Lakini lipo neno sijamwambia bado, naliandika hapa alisome. Wifi, ule ukuta niliupenda. Kila nikimaliza kazi, kabla sijazima taa, nainua pindo la kitambaa, nautazama kidogo.