Filimbi ya Saa Sita

Kabla hajawa Mheshimiwa, alikuwa fundi cherehani mwenye kelele kuliko cherehani yenyewe. Wenzake walimwita Domo, naye akajivunia. Ndiye aliyegomesha kiwanda kizima cha nguo siku tisa, mpaka mafundi wakapata nusu saa ya kula. Filimbi alinunua mwenyewe. "Ikilia saa sita," alimwambia tajiri mwenye kiwanda usoni, "hata uwe katikati ya neno, tunaondoka. Saa sita na nusu tutarudi, utamalizia."

Alipopata ubunge, filimbi alimwachia shemeji yake, dada wa mkewe, mpiga pasi palepale kiwandani. Miaka kumi na moja mama huyo hajachelewa kuipuliza hata dakika moja.

Loo, cheo nacho! Leo Domo karudi waziri, shingo imenenepa mpaka tai inamkaba, kaja na mpiga picha wake. Asubuhi msimamizi alishamnong'oneza shemeji: Mheshimiwa anatangaza kwamba nusu saa inakuwa robo, kwa faida ya taifa, na mafundi watapiga makofi. Filimbi ikilia kabla hajamaliza, mpiga pasi akatafute kazi kwingine. Naye ana watoto watatu, na mume ambaye kazi yake ni kuuliza chakula kimeiva au bado.

Saa sita kasoro dakika kumi, Domo akaanza. Akasimulia mgomo, akalia kidogo, akajifuta. "Ndugu zangu, jasho lenu nalijua!" Alijue wapi, na kiyoyozi anacho mpaka chooni? Shemeji aliitazama saa ya ukutani, mkono umeishika filimbi mfukoni. Aliogopa, tena sana.

"Na sasa, wapendwa, nawaletea habari njema. Ile nusu saa..."

Filimbi ikalia.

Cherehani zikanyamaza. Mafundi mia mbili wakainuka kwenda chumba cha kula, na mpiga picha naye akawafuata, maana njaa haina itifaki.

"Shemeji! Dakika mbili tu, jamani! Unaniumbua mbele za watu!"

"Saa sita na nusu tutarudi, shemeji," alisema. "Utamalizia."

Domo akabaki na tajiri, katikati ya mashati ambayo hayajapigwa pasi. Tajiri, mzee sasa, akamsogezea kigoda.

"Kaa, Mheshimiwa," akasema kwa huruma. "Mimi nilisumbuka mwaka wa kwanza tu. Baadaye unazoea."