Kucha la Sita

Kucha la kwanza la pete, kijino cha dhahabu kinachoshika jiwe, liliinuka bila ubishi, la pili likafuata, la tatu likanifanya niweke chombo chini na kupangusa vidole. Dhahabu ya zamani ina ukaidi wake. Ukiisukuma kwa haraka inakatika, ukiibembeleza sana inarudi pale pale. Pete nilikuwa nimeibana kwenye mpini wa mbao, nimeinamia meza, na pembeni yangu, karibu kiasi cha kusikia pumzi yake, alikaa mwenye pete.

Wateja hawaingii huku nyuma. Kwao ni kule mbele, kwenye zulia na viti vya mahameli, makabati ya kioo yenye taa ndani, kahawa kwenye vikombe vyembamba. Huku kwetu kuna meza iliyoungua hapa na pale, feni ya ukutani, na ngozi tunayoitandika mapajani ili vumbi la dhahabu lisipotee. Lakini mama huyu alipoombwa asubiri mbele, alimtazama meneja wetu kwa upole wa mtu aliyelea wengi.

"Mwanangu, pete hii iliwahi kuingia humo ndani peke yake. Tangu siku hiyo sijapata usingizi mzuri. Leo tunaingia wote."

"Mama, kuna kamera kila pembe," alisema meneja.

"Kamera ione, na mimi nione."

Meneja ni binti mwerevu, anajua vita vya kupigana na vya kuacha. Alimletea kiti mwenyewe.

Basi mama akakaa, mkoba mapajani, na kabla sijagusa chochote akanieleza shida yake. Alikuwa fundi cherehani kwa maisha yake yote ya kazi. Marehemu mumewe alikuwa dereva wa malori. Pete alimnunulia hapa hapa, enzi duka hili lilipokuwa chumba kimoja chenye dirisha kubwa. Sasa mjukuu wake amechumbiwa na yeye anataka kumpa. Akaipeleka kwanza kwenye duka jipya la vito ili ipunguzwe kidogo, kwa kuwa vidole vya wasichana wa siku hizi, alisema, ni kama njiti za kiberiti. Kijana wa duka lile akaipima. Almasi ni ya kweli, akamwambia, lakini si hii iliyoandikwa kwenye cheti. Cheti kina mchoro wa dosari ndogo ukingoni, na kwenye jiwe hakuiona. Rangi nayo, kwa macho yake, ilikuwa chini kwa madaraja mawili.

"Akanirudishia kama anayenipa pole ya msiba," alisema mama. "Na mimi nikajua ni nini. Mwaka ule lori lilipokufa, baba watoto alikaa nyumbani bila kazi. Siku moja akaniambia, lete pete ikasafishwe. Ikakaa wiki na wiki. Iliporudi, ilikuwa na makucha sita. Ilikuwa na manne, fundi! Nikamuuliza, akasema wameiimarisha tu. Na muhula ule ule ada ya watoto ikapatikana. Sikuuliza tena. Niliogopa jibu."

Akaushika mkoba kwa mikono miwili.

"Siwezi kumpa mtoto pete nikamwambia hili ndilo jiwe la babu yako, kumbe babu yake alishaliuza. Niambie ukweli. Nimeshakuwa mtu mzima, hautaniua."

Mimi si mwepesi wa kusema, na jiwe likiwa bado limekaa ndani ya dhahabu, kusema ni kubahatisha. Nikachukua chombo nikaanza kazi.

Sasa lile kucha la tatu lilikuwa limekubali. Nilipolileta chini ya lenzi nikaona kitu nilichokuwa nimekitarajia nusu. Mashina manne yalikuwa ya umri mmoja. Mawili yalikuwa yamechomelewa baadaye, na ncha zake zilikuwa zimechongwa mviringo kama punje ya mtama. Kazi ile niliifahamu kama mtu anavyofahamu mwandiko wa ndugu yake. Nikacheka peke yangu.

"Unacheka nini?" akauliza.

"Mama, aliyeifanya hii tulimwita Kesho."

"Kwa nini?"

"Kila mteja aliyemuuliza pete yake, alimwambia kesho. Ungekuja kesho, ungeambiwa kesho. Mikono ya dhahabu, lakini kalenda yake ilikuwa na siku moja tu."

Mama alinisogelea. "Kwa hiyo zile wiki zote..."

"Zinaweza kuwa za Kesho. Sijui bado. Tuendelee."

Wakati wa Kesho mimi nilikuwa mfagiaji. Hakuna aliyenifundisha, nilifagia polepole tu karibu na meza walizokaa wanaojua. Niliyemfagilia polepole kuliko wote alikuwa mpimaji wa almasi, mzee mkavu aliyevaa koti hata wakati wa joto, ambaye duka zima lilimwita Lenzi. Alipima rangi asubuhi tu, kwenye lile dirisha lisilotazama jua, jiwe limelazwa kifudifudi kwenye karatasi nyeupe kando ya mawe yake ya kulinganishia. Baada ya chakula cha mchana hakupima. Alisema macho yakishashiba dhahabu ya siku nzima, kila kitu kinakuwa cha manjano. Ukimbishia alikunyamazia mpaka ukajisikia mjinga.

Na alikuwa na sharti moja ambalo leo ukimwambia mtu anadhani unatunga. Hakumruhusu mnunuzi kuondoka na jiwe ambalo hawezi kulitambua. Alimkalisha pale dirishani, akampa lenzi, akamwonyesha dosari ya jiwe lake, halafu akalichanganya na mengine manne na kumwambia, haya, mtafute mwenzako. Ukikosea, hununui. "Cheti ni maneno yangu," alikuwa akisema. "Nikifa utamuuliza nani? Jifunze uso wake." Watu wenye magari makubwa walirudi nyumbani mikono mitupu, wamenuna. Wenye duka walimlalamikia, lakini waliorudi, walirudi na ndugu zao.

Siku hizi jiwe linachaguliwa kwenye simu, na cheti kinafika kabla ya jiwe. Sisemi ni vibaya. Vyeti vya sasa vina mambo ambayo Lenzi hakuyaota. Ila asubuhi zile zilikuwa na ukimya fulani, mtu mzima na jicho moja limefumbwa, anajifunza kitu kidogo kuliko punje ya mchele, na sisi sote tukitembea kwa vidole ili asipoteze alichokiona. Ule ukimya ndio ninaoukumbuka.

Kucha la nne likainuka. La tano.

"Mumeo," nikasema, "alikuwa na mikono mikubwa? Kidole kimoja kimepinda?"

Mama aliacha kuchezea kifungo cha mkoba. "Cha shahada. Kilibanwa na boneti."

"Basi nilimwona. Alishika lenzi kama anashika spana. Alikosea, akatoka nje kupunga upepo, akarudi, akakosea tena. Kesho yake akaja tena, kabla hatujafungua mlango. Lenzi alimpenda sana, ingawa hakusema. Siku aliyofaulu, mumeo alipiga meza mpaka mawe yakaruka, tukapiga magoti duka zima kuyatafuta."

Alicheka, cheko la ghafla la msichana, akaziba mdomo kwa kiganja.

"Hakuniambia alikosea! Mimi aliniambia alilijua mara moja, kama anavyojua lori lake kwenye maegesho. Tukiwa bado wageni ndani ya nyumba yetu, alikuwa akiushika mkono wangu ananiambia, humu ndani kuna mkwaruzo wa tairi. Mtu alifunga breki, halafu akaghairi, akaenda zake. Anataka nione. Mimi nikasema mimi si fundi saa, niachie nilale. Sikuwahi kuangalia, fundi. Hata mara moja."

Kucha la sita nililisukuma kwa ncha ya shaba. Lilitoka taratibu, na jiwe likayumba ndani ya kiti chake, kama jino la mtoto. Nikaligeuza likaanguka kwenye kitambaa.

Kwanza nililiosha. Mgongo wa jiwe ulikuwa na utando wa sabuni na mafuta ya miaka. Halafu nikalipima uzito kwenye mizani, nikaweka cheti kando, nikamwonyesha. Namba zilikuwa sawa mpaka ya mwisho.

"Uzito," alisema mama, bila kuchangamka. "Mtaani kwetu kuna wanawake wangapi wenye kilo zangu? Ndiyo tuseme ni mimi?"

Alikuwa na haki. Nikalishika jiwe kwa kibano, nikaliweka chini ya lenzi, nikalizungusha pole pole. Upande mmoja safi. Upande wa pili safi. Kisha ukingoni, mahali pale hasa ambapo kucha la sita, mojawapo ya yale mawili ya Kesho, lilikuwa limelala, ikajitokeza. Mstari mwembamba mweupe, umepinda kidogo, ukaishia bila sababu.

Ni desturi ya mafundi: jiwe likiwa na dosari ukingoni, unapanda kucha juu yake. Linalindwa, na macho hayasumbuki. Kesho alipoongeza makucha alifanya kile ambacho fundi yeyote mzuri angefanya. Kijana wa duka jipya naye hakukosea kwa uzembe. Alitafuta kitu, na kilikuwa chini ya dhahabu.

Nilitoa kwenye kasha mawe mengine manne ya ukubwa ule ule, nikayapanga yote matano kwenye karatasi nyeupe, nikamwachia kiti changu na lenzi.

"Mtafute mwenzako," nikasema.

"Wewe, acha mzaha na mimi."

"Sharti la duka, mama."

Alivua miwani. Jicho la fundi cherehani halifundishwi kutazama karibu. Alikuwa ametunga uzi kwenye sindano maisha yake yote. Nilimwonyesha kushika kibano, akanitoa mkono, akashika mwenyewe. Jiwe la kwanza akaliweka kando. La pili akalitazama sana, akaliweka kando. Meneja alikuwa amekuja mlangoni na simu mkononi, akasimama. Feni ilizunguka. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nikausikia ule ukimya.

Kwenye jiwe la nne mama alisimamisha mkono.

Alikaa hivyo mpaka nikaanza kuogopa. Kisha akasema, jicho bado kwenye lenzi:

"Huu si mkwaruzo wa tairi."

Nikatupia jicho karatasi, nikahakikisha. Lilikuwa lenyewe.

"Huu ni uzi ulioruka," akasema. "Mshono umekwenda vizuri, sindano ikaruka, uzi ukabaki juu. Hata mwanafunzi wa cherehani analiona hili. Tairi! Mwanamume huyu alinidanganya miaka yote."

Akaweka lenzi chini, na ndipo nikaona shavu lake limelowa.

"Hakuliuza," alisema.

"Hakuliuza, mama."

"Na mimi nilimzika nikiwa na kinyongo cha jiwe hili hapa kifuani." Alilitazama tena bila lenzi, kitone cha mwanga kwenye karatasi. "Sasa ile ada aliipata wapi?"

"Hilo jiwe halijui."

"Hata gitaa lake alilolipiga jioni, aliniambia limeazimwa na mtu wakati ule," alisema polepole, "halikurudi." Akatikisa kichwa, akaliacha neno hilo hapo, na mimi sikuliokota.

Meneja alikohoa. "Fundi, tunaweza kummalizia mama sasa hivi. Rangi tuitazame kwenye taa ya kupimia, turudishe jiwe, aondoke na pete yake."

Taa ile ni nzuri, sina ugomvi nayo. Lakini nilitazama dirishani. Mawingu yalikuwa yamejaa, mwanga ulikuwa wa kijivu, na macho yangu yalikuwa yameshinda ndani ya dhahabu tangu nilipofungua droo.

"Cheti kilipimwa dirishani asubuhi," nikasema. "Tukitaka kukibishia au kukitetea, tukifuate huko huko. Jiwe likiwa ndani ya dhahabu ya manjano huazima rangi yake, ndiyo maana yule kijana aliliona chini. Nadhani. Sitaki kudhani."

"Kwangu mimi limeshapimwa," alisema mama.

"Najua. Lakini mjukuu wako siku moja ataulizwa, na karatasi iwe na majibu."

Aliinuka, akaweka miwani. Hapo ndipo sote watatu tulipolitazama lile jambo ambalo halikuwa limesemwa. Pete ilikuwa wazi, jiwe limelala nje. Ilibidi kitu kibaki.

"Chukua jiwe ukalale nalo," nikamwambia. "Nitakufungia kwenye karatasi. Asubuhi urudi nalo mwenyewe."

Alifikiri. Alisugua kidole chake, pale penye alama nyeupe ya pete, ambapo ngozi haikuwa imeona jua tangu ujana.

"Utaanza saa ngapi?"

"Saa mbili, mwanga ukishatulia."

"Kesho?"

"Kesho."

"Yule mwenzako naye alisema hivyo hivyo."

"Yeye alistaafu, mama."

Alicheka, akalirudisha jiwe kwenye kitambaa, akakikunja, akakisukuma upande wangu wa meza kwa vidole viwili.

"Likae hapa. Uso wake nimeshaujua, hata mkilichanganya na elfu." Mlangoni akageuka. "Lakini saa mbili nitakuwepo. Na kucha lile la sita usilipandishe tena pale. Lisogeze kidogo, mtoto aone."

Alipoondoka nililifunga jiwe kwenye karatasi, nikaliweka kwenye kasha la chuma pamoja na mawe ya Lenzi ya kulinganishia, ambayo hakuna aliyeyagusa kwa muda. Pete niliiacha kwenye mpini, makucha yote sita yamefunguka. Nikakata karatasi nyeupe mpya, nikaikunja katikati, nikaitega dirishani, tayari.