Ridhaa ya Sibomana

"Mwambie hakuna anayemlazimisha," alisema hakimu Mutalemwa. "Akikataa kurudishwa Rwanda, ushahidi utasikilizwa hapa kwanza, na huenda nikamwachia. Akiridhia, anaondoka leo."

Mukashema alimweleza Sibomana yote kwa Kinyarwanda, bila kupunguza neno. Mikono yake aliificha ndani ya kitenge, maana ilikuwa myeusi kwa utomvu. Asubuhi hiyo walimtoa kwenye kumenya ndizi katika hoteli moja ya Omurushaka, kwa kuwa mkalimani wa mahakama alikuwa mgonjwa na mshtakiwa hakujua Kiswahili hata kidogo. Hakuna aliyemuuliza huko Rwanda alikuwa mke wa nani. Angeulizwa, angedanganya.

Alimjua mtu huyu. Wakati wa vita alilala kifudifudi kwenye mtama wa mumewe, Athanasi, akamwona Sibomana akiamuru mlango ufungwe kwa nje ndipo nyumba iwashwe. Athanasi na binti zao walikuwa ndani. Sibomana hakumwona siku ile, na leo hakuwa na habari naye.

Tangu hapo Mukashema aliomba jambo moja, wala hakuliomba kwa upole: Sibomana arudishwe kwenye kilima kile kile, yeye asimame mbele yake, aseme. Na sasa sheria ilikuwa inambembeleza muuaji kama bwana harusi! Athanasi hakuulizwa kama anaridhia kuungua.

Sibomana alijikuna kidevu. "Mama, niulizie. Huko nani atanishitaki? Kwa Athanasi hakubaki mtu."

Mukashema alitafsiri. Hakimu akajibu kwamba mashahidi ni mambo ya mahakama ya huko, yeye hawajui. Sibomana akatabasamu. Alikwisha kuichoka mahabusu, akasema, na kahawa yake huko nyumbani ilikuwa inaliwa na wengine.

"Basi naridhia."

Hakimu alimuuliza tena kama ameelewa, kama kuna aliyemtisha au kumwahidi chochote. Hakuna. Sibomana akaweka dole gumba kwenye hati. Ndipo hakimu akaongeza kwamba kabla ya kuvuka mpaka anaruhusiwa kubadili nia; amwambie askari tu, atarudishwa hapa. Mukashema akatafsiri na hilo.

Nje, askari Xaveri alimpandisha nyuma ya Landrova, akafunga mlango wenye dirisha la nondo, akaenda mbele kwa dereva. Mukashema angeondoka zake, mambo yangekwisha salama. Lakini chuki aliyoinyamazia muda wote huo ilitaka kumwona mtu huyu akiogopa. Akasogea dirishani.

"Mimi ni mke wa Athanasi," alimwambia kwa Kinyarwanda. "Nilikuwa kwenye mtama. Nakufuata na basi la kesho."

Sibomana alizishika nondo. Alipiga kelele kwamba amebadili nia, hataki tena, apelekwe kwa hakimu sasa hivi.

Xaveri, kijana wa Ndama mwenye huruma zake, alirudi mbio.

"Anasema nini, mama?"

Mukashema alimtazama Sibomana bila haraka.

"Anaomba maji."

Xaveri alikwenda, akarudi na kikombe cha bati kilichojaa hadi ukingoni, akakipitisha kwa uangalifu kati ya nondo. Sibomana alikipiga kofi. Xaveri akajifuta suruali iliyolowa, akasonya, akamwambia dereva awashe gari.

Mukashema aliinama akakiokota kikombe, akakipangusa vumbi kwa ncha ya kitenge.