Washa ya Kandambili

Mwaka ule dhahabu ilipojaza watu Kewanja, karabai na stovu kuukuu zililetwa kwangu kila siku, nyingine zimeliwa na kutu mpaka hazifunguki. Kazi hiyo nilifundishwa na marehemu mume wangu. Sikuharakisha. Taa iliyotupwa na mwenyewe huhitaji mtu wa kukaa nayo.

Mafuta ya kuzijaribia nilipewa na Abonyo, mama Mjaluo aliyeuza mafuta ya taa karibu na njia ya mgodini. Kila wiki aliyachuja kwa kitambaa, akaniletea chupa moja. Hakutaka nimlipe.

Jumamosi Mogesi, mwenye hoteli ya chai, alifuata karabai yake kabla sijaimaliza. Washa, ule mviringo unaoziba kifuniko cha tangi, ilikuwa imepasuka, na zile zinazovumilia mafuta zilikuwa zimeniishia. Nilikata nyingine kwenye soli ya kandambili. Nikajaza tangi upepo, nikalizamisha kwenye beseni la maji. Halikutoa povu hata moja. Chupa ya Abonyo ilikuwa pale pale miguuni pangu, lakini kujaribu kwa mafuta kunataka siku nzima, na Mogesi alikuwa amesimama mlangoni. Nikampa.

Raba ya kandambili ikikaa kwenye mafuta huvimba, ikalegea. Jumatatu karabai ilivuja ikiwaka, Mogesi akaungua mikono yote miwili.

Watu walisema Abonyo, aliyemuuzia Mogesi mafuta, aliyachanganya na petroli. Nilisikia nikiwa kisimani, nikainua ndoo yangu nikaondoka. Jumanne nilinyamaza. Jumatano nilimpelekea Mogesi maziwa, nikamnywesha kwa mkono wangu. Akanishukuru kwa upole hadi nikashindwa kumtazama.

Alhamisi asubuhi mkwe wangu Rhobi aliniambia vijana wanamwaga mafuta ya Abonyo. Nilikwenda. Madebe yalikuwa yamelala ubavu, ardhi imeloa, na yeye anafunga virago vyake kwenye baiskeli arudi kwa ndugu zake ng'ambo ya Sirari. Mogesi alikuwepo, mikono imefungwa bendeji. Kijana mmoja alikuwa akimtania Abonyo kwamba huko aendako akauze maji, maji hayawaki.

Nikamwambia Mogesi, wote wakisikia, "Mwanangu, mafuta yalikuwa mazuri. Washa niliiweka ya kandambili. Niliijaribu kwa maji."

Mogesi akauliza, "Bibi, jana si ulininywesha maziwa?"

"Nilikunywesha."

"Na ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Yule kijana wa utani akainamisha kichwa, akaanza kuyasimamisha madebe. Mogesi alimsogelea Abonyo, akamwomba msamaha, akamsihi abaki. Abonyo aliendelea kukaza kamba. Alipomaliza ndipo akanigeukia.

"Mama, ungesema Jumatatu."

Kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi wateja wake walimpita bila salamu, hata wale aliowakopesha mafuta wakiwa hawajapata kitu shimoni. Hilo sikuweza kulirekebisha kwa kukata raba nyingine.

Akashika baiskeli. Alipofika penye njia alisimama, akamwita jirani yake Kisyeri.

"Mrudishe mama nyumbani," alisema. "Hapo pameloa mafuta, atateleza."

Kisha akaenda zake.