Gitaa Linalojikaza Lenyewe

Gitaa lilikuja kutoka Maskati ndani ya sanduku jeusi, limeviringishwa shuka mbili za kaka yangu Muataz. Lilikuwa jekundu, la umeme, na nyuma ya kichwa chake, pale penye vifundo vya kukazia nyuzi, palikuwa na kidude chenye taa ndogo.

"Linajityuni lenyewe," Muataz aliniambia kwenye simu. "Baba abonyeze kile kitufe, apige nyuzi zote mara moja, asubiri taa iwe ya kijani. Basi. Hana haja ya mtu."

Hana haja ya mtu. Neno hilo nililishika mimi peke yangu, maana baba hakulisikia. Baba hasikii.

Baba yangu, Masoud, amepiga gitaa la taarabu hapa Bagamoyo zaidi ya miaka thelathini, na miaka yote hiyo spika ilikuwa nyuma ya kichwa chake. Sikio la kushoto lilikufa kwanza, la kulia likafuata polepole. Ukikaa mbele yake ukasema taratibu, anakusoma midomo. Ngoma anaipata kwa nyayo, sakafu inamwambia. Vidole vyake havijasahau kitu. Ila kutyuni hawezi. Joto likipanda nyuzi zinalegea, na asiyesikia atajuaje?

Kwa hiyo tangu nilipomaliza darasa la saba nimekuwa nikimbebea gitaa. Watu wanasema, huyu Hafidha anampenda babake, hamwachi. Nafika naye ukumbini, namwomba Ami Dadi wa akodiani anipe sauti moja, nakaa nyuma ya spika nakaza nyuzi sita, namkabidhi. Akianza kuongea kwa kelele, maana hajui tena sauti yake ina ukubwa gani, namgusa kiwiko. Akiguswa anashusha. Miaka kumi na moja, na kikundini hakuna aliyejua kwamba baba hasikii. Alinikataza nisiseme.

"Wakijua wataniweka nyumbani," alisema. "Na mimi nyumbani nitafanya nini? Nihesabu mijusi?"

Basi nikanyamaza. Hata Twalha sikumwambia. Twalha anatengeneza majokofu kule Pangani, na watu wake walileta posa kabla ya Ramadhani iliyopita. Baba akasema ngojeni. Mfungo Tatu, mwezi wa Hija, wakaja tena, baba akasema ngojeni. Shangazi yake Twalha akaweka kikombe chini kwa upole, upole ule unaokata, akasema, "Tutangoja mpaka Mfungo Sita. Kijana wetu si ng'onda, bwana, wa kuanikwa juani kila mwaka." Hakuna aliyejua kwa nini baba ananizuia. Mimi nilijua. Nikienda Pangani, nani atamtyunia?

Ndiyo maana lile gitaa nililitazama kama mtu anayetazama mlango.

Siku ile nilibonyeza kitufe, nikapiga nyuzi zote. Vifundo vikaanza kuzunguka vyenyewe, vinakwaruza kama panya kabatini. Taa nyekundu, taa nyekundu, kijani. Nikapiga tena. Safi. Safi kuliko nilivyowahi kulipanga mimi.

"Kijani?" baba akauliza.

"Kijani."

"BASI WEWE PUMZIKA!"

"Apumzike nani, Masoud?" jirani yetu Rukaya akajibu kutoka uani kwake. Nikamgusa baba kiwiko.

Nililala mchana ule mpaka adhana ya magharibi. Sikumbuki lini nililala hivyo.

Ijumaa iliyofuata tulikuwa na harusi Kaole, kwa Mzee Mbaruk, sherehe ya wanawake baada ya alasiri. Hapa niseme kitu kuhusu akodiani ya Ami Dadi. Ni kuukuu. Sauti zake zote zimeshuka kidogo, na fundi wa kuzipandisha hayupo. Haibadiliki. Kwa hiyo sisi ndio tunaoifuata: fidla inashuka, gitaa linashuka, na mwimbaji wetu Bimdogo koo lake limekaa humo miaka yote. Kikundi kizima kiko chini kidogo ya dunia, lakini kiko chini pamoja.

Ndani ya bajaji, njiani, jambo hilo lilinijia. Nyumbani gitaa nililisikia peke yake, sikulisikia na akodiani. Ningeweza kusema. Sikusema. Si kwamba niliiamini mashine. Nilikuwa nimechoka, na nilitaka siku moja tu nikae mbele kama mgeni.

Nikakaa mbele kama mgeni.

Baba akabonyeza kitufe chake, taa ikawa ya kijani, wimbo wa kwanza ukaanza. Nikajua kabla hata Bimdogo hajafungua mdomo. Gitaa lilikuwa juu, akodiani chini, na kati yao palikuwa na kitu kinachouma jino.

"Kuna nini leo?" mama mmoja nyuma yangu akasema. "Kama paka wawili juu ya bati."

"Ni hilo gitaa jipya."

"Zuri kwa macho, lakini."

Hakuna aliyeinuka kutunza. Mama wa bibi harusi alisimama mlangoni, mikono kifuani. Wimbo ulipoisha Bimdogo alimsogelea baba, anawachekea watu, meno yamefungwa. "Kaka Masoud, gitaa liko juu," alisema. Nilimsikia. Lakini kwa meno yaliyofungwa baba hakusoma kitu. Aliona tu kwamba kuna jambo, na akajua jambo moja la kufanya: akabonyeza kitufe tena. Panya wakakwaruza. Kijani. Akamwonyesha Bimdogo ile taa kama mtu anayeonyesha kitambulisho kwa askari.

Wimbo wa pili ukaanza, vilevile. Bimdogo aliimba ubeti mmoja huku shingo imekakamaa, anatafuta pa kukanyaga.

Nikainuka. Nilipita kando ya ukuta, nikachutama nyuma ya spika ya baba, na kile kifundo cha sauti nikakizungusha mpaka sifuri.

Muziki ukanyooka palepale. Bimdogo akashusha mabega. Wanawake wakaanza kuinuka mmoja mmoja, khanga zinapepea, noti mkononi, wanamtunza. Baba aliwaona. Uso wake ukafunguka, akainamia gitaa, akapiga kwa nguvu zaidi. Mtetemo wa nyuzi aliupata mbavuni. Taa ilikuwa ya kijani. Angejuaje?

Nilichosahau ni kipande chake. Katika wimbo ule pana mahali ambapo wote hunyamaza, gitaa linabaki peke yake, kisha Bimdogo anarudi. Pakafika. Ngoma ikakatika, fidla ikakatika, Ami Dadi akafunga akodiani yake. Na baba akapiga.

Ukumbi mzima ulisikia kucha zake juu ya nyuzi. Tiki, tiki, tiki, kama kuku anadonoa sinia. Macho ameyafumba. Ami Dadi alimtazama baba, akatazama spika, kisha akanitazama mimi niliyechutama nyuma yake. Tulitazamana. Halafu akafungua akodiani akakipiga yeye kile kipande cha baba, chote, mpaka mwisho, na watu wakadhani ndivyo ulivyo.

Tulipokuwa tunakusanya vitu alinijia.

"Tangu lini?"

"Ami..."

"Nimeuliza tangu lini, Hafidha."

"Tangu nilipomaliza shule."

Akaifungia akodiani ndani ya mfuko wake, mkanda wa kwanza, mkanda wa pili. "Mwambie babako ulichofanya leo. Usipomwambia wewe nitamwambia mimi, na mimi sina mdomo mzuri."

Kwenye bajaji baba alikuwa na furaha. "UMEWAONA WALIVYOTUNZA? GITAA HILI!" Dereva akageuka. Nikamgusa kiwiko, akashusha, akaendelea kutabasamu mpaka nyumbani. Usiku huo sikuweza kumwambia.

Nilimwambia asubuhi, tunakunywa chai. Nilikaa mbele yake, nikasema taratibu.

"Jana nilizima spika yako, baba."

"Lini?"

"Wimbo wa pili. Mpaka mwisho wa sherehe. Gitaa lilijikaza kwa sauti yake lenyewe, halikuifuata akodiani."

Akafikiri. "Na kile kipande changu?"

"Alikipiga Ami Dadi."

Alishika kikombe bila kunywa. "Nilikipiga vizuri," akasema.

"Najua. Niliona vidole."

Sikumpa nafasi ya kunyamaza sana, ningeshindwa kuendelea. Nilimwambia nimeongea na Muataz alfajiri. Gitaa linafundishika. Ukishikilia kile kitufe muda mrefu, unakaza uzi mmoja kwa mkono, pale unapotaka wewe, na nyuzi nyingine zinaufuata huo. Kazi ya uzi mmoja tu. Anahitajika mtu mwenye sikio, naye Ami Dadi analo na akodiani ni yake.

"Na wewe?" baba akauliza. "Wewe si upo?"

"Mimi nimechoka, baba."

Aliitazama midomo yangu. "Sema tena."

Hakulipata, au alilipata akataka kuhakikisha, mpaka leo sijui. "Nimechoka," nikasema tena.

Aliingia ndani, akatoka na kanzu na kofia kama mtu anayekwenda kuhani msiba. Nilinyoosha mkono nichukue sanduku la gitaa. Akalichukua mwenyewe.

Nyumba ya Ami Dadi iko vichochoro viwili kutoka kwetu. Baba aliingia, mimi nikabaki barazani. Sikuhitaji kutega sikio.

"DADI! MIMI SISIKII!"

"Basi usinipigie kelele, mimi nasikia."

Kisha Ami Dadi akapandisha sauti: "Miaka kumi na moja, yakhe! Miaka kumi na moja nimekaa na kiziwi ubavuni, na mimi najiita mwanamuziki!"

"Mbona hukujua?"

"Ningejuaje? Ulikuwa hukosei!"

Baba lazima aliisoma hiyo, maana alicheka, nikamsikia akikohoa ndani ya kicheko. Walivutana kidogo, sikuyapata yote. Kisha akodiani ikatoa sauti moja, ndefu. Uzi mmoja wa gitaa ukaitafuta. Panya wakakwaruza, nyuzi zote zikalia pamoja. Juu kidogo. Kichwa changu kilikuwa kimeshasogea mlangoni niseme, shusha kidogo, ami. Nikakaa juu ya mikono yangu.

"Hapana," nikamsikia Ami Dadi. "Tena. Lete hapa, umelishika kama jembe."

Akodiani, uzi, panya. Safari hii nyuzi zilitua juu ya akodiani zikatulia. Hapakuwa na kinachouma jino.

Nilikaa pale barazani nikiegemea ukuta. Nilidhani nitafurahi. Nilichotaka ni kulala tu.

Baba alitoka jua limeshakuwa kali. Tulitembea pamoja, yeye na sanduku lake, mpaka karibu na nyumba ya Rukaya, akasimama. Naamini alidhani ananinong'oneza.

"MWAMBIE TWALHA WATU WAKE WAJE! WASINGOJE MFUNGO SITA!"

Dirisha la juu likafunguka. La mbele yake pia.

"Tumesikia, Masoud!" Rukaya akaita kutoka ndani. "Na Pangani wameshasikia!"

Mkono wangu ulikuwa umeshafika kiwikoni kwake, kwa mazoea. Nikaurudisha, nikamwacha aseme.